Fahamu: Filamu ya Moi ingepaswa kuonyesha nini?

Mwaka 1981, Idi Amin, dikteta wa zamani wa Uganda, akiwa bado hai uhamishoni, filamu ya utawala wake ilitengenezwa hapa Kenya chini ya Sharad Patel. Aliyemwigiza Amin ni Mkenya mwenzetu, Joseph Olita. Mwaka 2006 ikaja The Last King of Scotland, iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Amin.

Na Daniel arap Moi, rais wetu aliyetawala Kenya miaka 24 na kuzikwa Kabarak, Nakuru, Februari 2020? Filamu yake ianze na pakiti ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali yake, mkononi mwa mtoto wa shule. Wengi tunaikumbuka kwa upendo. Kisha ishuke vyumba vya chini vya jengo la Nyayo House jijini Nairobi, walikoteswa wapinzani wake, na ifike Molo, nyumba zilikochomwa katika mapigano ya kikabila mwaka 1992. Ikiacha kimojawapo, itakuwa imetudanganya.