Jinsi Umeme wa Jua Unavyokisukuma Chombo cha Psyche Angani

Chombo cha anga za juu kiitwacho Psyche, kilichorushwa na Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) kutoka Florida tarehe 13 Oktoba, 2023, kinaelekea kwenye asteroidi yenye jina hilo hilo na kinatarajiwa kuwasili mwaka 2029. Tofauti na roketi iliyokiondoa duniani, injini zake hazichomi mafuta. Umeme wa jua huzinyang'anya atomu za gesi ya zenoni elektroni zake, kisha huzifyatua nje kwa kasi kubwa. Msukumo unaopatikana hauzidi uzito wa betri ndogo ya rimoti iliyowekwa kiganjani, lakini angani hakuna hewa ya kuuzuia, hivyo mwendo huongezeka siku hadi siku.

Kazi ngumu kwa wabunifu wa mfumo wa umeme ni umbali. Chombo kikiwa mbali na Jua mara tatu zaidi ya Dunia, mwanga unaokifikia ni sehemu moja tu ya tisa. Paneli za Psyche, zenye jumla ya meta za mraba 75, huzalisha zaidi ya kilowati 20 karibu na Dunia. Kwenye asteroidi zitatoa takribani kilowati 2, kiasi kinachotosha pasi mbili za nyumbani. Kwa sababu hiyo, ukubwa wa paneli hukokotolewa kwa kuangalia mwisho wa safari, wala si mwanzo wake.

Umeme huo mdogo hugawanywa kati ya injini, kompyuta, redio na vipasha joto. Injini zipo nne, lakini huwashwa moja moja, na nguvu yake hupunguzwa kadiri mwanga unavyofifia. Upunguzaji huo ni wa lazima: paneli ikidaiwa umeme kupita uwezo wake, volti huanguka ghafla na vifaa vyote huwa hatarini kuzimika. Aidha, paneli ikipoa volti zake hupanda, hivyo kifaa kinachoupandisha umeme hadi takribani volti 300 za injini hubuniwa kuhimili mabadiliko hayo. Joto lake nalo halina upepo wa kuliondoa. Hutolewa kwa mnururisho pekee.

Umuhimu wa kuacha akiba ulionekana Aprili 2025, ingawa hitilafu haikuwa ya umeme. Shinikizo katika mrija wa zenoni lilishuka na injini zikajizima. Njia ya chombo ilikuwa imepangwa kwa namna iliyoruhusu injini kukaa kimya hadi katikati ya Juni bila kuathiri safari. Wahandisi walihamia mrija wa akiba, na injini zikaanza tena kusukuma mwezi huo wa Juni.