Mbwa wa jirani akizurura, uliza chanjo kwanza

Unafungua lango alfajiri ukielekea steji, na yule mbwa wa jirani yuko papo hapo, hana kola wala mnyororo. Jana alimkimbiza mtoto wa nyumba ya tatu hadi kwenye ngazi. Juzi alitawanya takataka za ploti nzima. Umekasirika, lakini hutaki kusema, kwa sababu jirani huyo ndiye unayemwachia ufunguo unapokwenda mashambani. Wengi wetu mijini huishi hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka siku mtu anapoumwa.

Siku hiyo ndipo watu hugundua kwamba hakuna anayejua jambo lililo muhimu kuliko yote: je, mbwa huyu amechanjwa? Kelele za usiku na uchafu anaoacha mlangoni ni kero tu. Chanjo ndiyo inayoamua kama mbwa huyo ni hatari kwa uhai wako.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyopatikana katika mate ya mnyama aliyeambukizwa. Mtu huvipata anapoumwa au kuparuzwa, au mate yanapogusa kidonda kibichi, jicho au mdomo. Kutoka hapo virusi hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, ingawa huenda ikawa wiki moja au hata mwaka. Wakati huo wote mtu huendelea na shughuli zake kama kawaida. Lakini dalili zikishaanza, yaani kuwashwa mahali alipoumwa, homa, wasiwasi, kushindwa kumeza na kuogopa maji, hakuna tiba ya kutegemewa. Karibu wote hufariki.

Ugonjwa huu si mgeni hapa nchini. Kisa cha kwanza kilichothibitishwa kilikuwa cha mbwa viungani mwa Nairobi mwaka wa 1912. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ulimwenguni kote unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwamba asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mnamo 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote.

Ukiumwa, kazi ya kwanza iko nyumbani kwako, si hospitalini. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Tumia saa, kwa maana dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kisha pakaza ayodini au spiriti ukiwa nayo. Usitie pilipili, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya miti shamba, na usikubali kidonda kishonwe haraka bila sababu ya lazima. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama alama ni ndogo.

Huko utapewa chanjo, na ikihitajika sindano ya pepopunda pia. Chanjo hudungwa kwa awamu: siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na mara nyingi ya 28, kulingana na utaratibu wa hospitali. Ikiwa meno yamepenya ngozi, unahitaji pia imunoglobulini, dawa ya kinga inayodungwa ndani na kandokando ya kidonda. Zile sindano nyingi za tumboni zilizowatisha wazazi wetu hazitumiki tena; siku hizi mtu mzima hudungwa begani. Huenda ukaambiwa chanjo imeisha. Usirudi nyumbani kungoja. Uliza ni hospitali gani iliyo nayo na uende huko. Tena usikatize sindano kwa sababu kidonda kimepona juu.

Sasa tuje kwa mbwa mwenyewe, maana hapa ndipo watu wa mtaa hukosea sana. Mbwa akimuuma mtu, vijana hukusanya mawe, na baada ya nusu saa mbwa amekufa na kutupwa jaani. Kufanya hivyo ni kumwongezea mgonjwa shida. Mbwa aliyefungwa mahali salama anaweza kuchunguzwa na daktari wa mifugo kwa siku 10. Ikiwa virusi vilikuwa tayari kwenye mate siku aliyouma, atakuwa ameugua au amekufa kabla ya siku hizo kwisha. Akibaki mzima, daktari wako anaweza kukusimamishia sindano zilizobaki. Lakini usingoje siku hizo 10 ndipo uanze matibabu. Anza mara moja, na mbwa achunguzwe wewe ukiwa unatibiwa. Akifa au akiuawa, ofisi ya mifugo iarifiwe ili kichwa kipimwe kwenye maabara. Wewe usimshike kwa mikono mitupu.

Si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali. Wengine huwa wapole kupita kiasi, hujificha gizani, sauti hubadilika, taya hulegea na mate hudondoka. Mwenye mbwa hudhani ni mfupa uliomkwama kooni, akaingiza mkono mdomoni ili autoe. Usifanye hivyo kamwe. Wala usidhani kwamba kitoto cha mbwa hakiwezi kuambukiza.

Kwa sababu hizo zote, uhusiano wako na mwenye mbwa ni sehemu ya kinga yako. Jirani mliyegombana hatakuonyesha cheti cha chanjo, na siku ya msiba atamficha mbwa wake. Nenda kwake kabla hapajaharibika kitu, jioni akiwa ametulia. Usimpigie kelele kutoka dirishani. Mwambie, “Habari za jioni, jirani. Huyu Simba wenu naona hushinda nje, na watoto humchezea. Hivi alichanjwa lini?” Mtu hawezi kukasirishwa na swali kama hilo. Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, na cheti huwa na tarehe. Akisema hana pesa, mwelekeze kwa ofisi ya mifugo ya kaunti aulize siku za chanjo za umma.

Asipokusikia, mshirikishe mwenye nyumba au keateka, halafu wazee wa Nyumba Kumi, chifu au afisa wa afya ya umma. Andika siku na saa mbwa alipomfukuza mtu. Maneno matupu hayamsaidii chifu. Sumu usiiwazie. Ni ukatili, na kile kipande cha nyama unachokitupa uani huenda kikaokotwa na mtoto. Pia tujiulize mbwa hufuata nini kwetu. Mahali palipo na takataka zisizofunikwa na mifupa ya bucha, akiondoka mmoja watakuja watano.

Watoto wafundishwe kutomkimbia mbwa. Mtoto asimame wima, mikono ikiwa kando, asimtazame machoni, kisha arudi nyuma polepole. Akiangushwa, ajikunje na kuziba shingo na masikio kwa mikono. Asimsumbue mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto. Na ajue kwamba akiumwa au akiparuzwa hata kidogo, hata kama yeye ndiye aliyemchokoza, aje kusema siku hiyo hiyo na hatachapwa.