Nairobi hadi Mombasa na Mbwa: Tanguliza Joto, Kilomita Zifuate

Anayeshuka Mombasa kwa gari wakati wa likizo ya Desemba huhesabu safari kwa kilomita: karibu 480 kutoka Nairobi, chai Mtito Andei, chakula cha mchana Voi, jioni baharini. Hesabu hiyo inamtosha binadamu. Mbwa akiwemo garini inapungua, kwa sababu barabara ile inateremka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mtito Andei haifiki nusu ya hapo, na kila unaposhuka mita 1,000 hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita hivi. Mbwa aliyeamka kwenye ubaridi wa Karen anakutana siku hiyohiyo na joto la kaskazi ambalo mwili wake haujajiandaa kulipokea. Ratiba ya safari hii, kwa hiyo, ipangwe kwa joto kwanza. Kilomita zitapata nafasi yake.

Binadamu hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hutoka jasho nyayoni tu, na kidogo mno. Kinachompoza hasa ni kutweta: maji ya ulimini na kwenye njia ya hewa yanakauka, na yanapokauka yanaondoka na joto. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, ubongo, figo na utumbo viko hatarini, na hata damu inaweza kushindwa kuganda ipasavyo. Sasa hewa ya pwani imejaa unyevu, na hewa ya namna hiyo haikaushi ulimi wa mbwa kama isivyokausha haraka nguo zilizoanikwa. Ndiyo maana kipande kigumu zaidi ni cha mwisho, zile kilomita 150 hivi za kutoka Voi, ambapo mnyama ameshachoka na kupungukiwa maji. Kwa mbwa wa pua fupi, kama buldogi na pagi, njia ya hewa ni finyu tangu kuzaliwa, na mara nyingi uamuzi wa huruma ni kumwacha nyumbani na mtu anayemjua.

Kuondoka saa mbili asubuhi, baada ya kila mtu kunywa chai, kunamfikisha mbwa Voi jua likiwa kali na kumwingiza pwani kabla halijapoa. Afadhali kuondoka saa kumi na moja alfajiri, mbwa akiwa amekula kidogo jana yake jioni, kusimama kila baada ya saa mbili ili anywe na kujisaidia, na kufika Voi kabla ya adhuhuri. Hapo pumzikeni kivulini mpaka saa tisa unusu, ndipo muingie Mombasa wakati wa magharibi. Atakayeuliza kwa nini tusisafiri usiku kucha ana hoja nzuri kuhusu joto. Lakini barabara hii ndiyo njia kuu ya malori ya bandarini, na kati ya Mtito Andei na Voi inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako wanyamapori huvuka. Usingizi wa dereva gizani ni hatari kwa wote waliomo garini. Kipande hicho cha Tsavo, hata mchana, si mahali pa kumteremsha mbwa.

Wengi hutegemea kiyoyozi, nacho kinafaa maadamu injini inanguruma. Shida huanza familia inaposhuka kula na kumwacha mbwa ndani, dirisha likiwa wazi kidogo. Mwaka 2005 jarida la Pediatrics lilichapisha vipimo vya gari lililoegeshwa juani California siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi 22 hadi 36. Kwa wastani, joto la ndani lilipanda nyuzi 22 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua dirisha kidogo hakukusaidia. Basi kuleni kwa zamu, mtu mmoja abaki na mbwa nje, kivulini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mbwa wetu wamezoea jua. Ni kweli mwili huzoea joto, lakini huchukua siku nyingi, na mbwa wa Nairobi amezoea Nairobi. Isitoshe, yule mbwa wa Malindi anayeonekana kustahimili hulala chini ya mwembe mchana kutwa, kwenye udongo alioufukua mwenyewe. Aliyefungiwa garini hana chaguo hilo. Uchunguzi wa kumbukumbu za kliniki za mifugo Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya mbwa waliougua kwa joto walikuwa wamefanya mazoezi, na waliougua ndani ya magari walikuwa sehemu ndogo. Huo si ushahidi kwamba gari ni salama. Unatuonya kwamba hatari inaendelea baada ya kufika, mbwa anapofunguliwa kamba alasiri akimbie ufukweni Nyali. Siku za kwanza atembezwe alfajiri na baada ya jua kuzama, basi.

Mpigie mwenyeji simu mapema. Katika nyumba nyingi za Waislamu pwani, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, hivyo mgeni mwenye adabu huja na bakuli na tandiko la mbwa wake. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kikae garini. Pakia pia lita 20 za maji zisizo za kunywa. Mbwa akianza kutweta bila kutulia, kuyumba au kutapika, simamisha gari, mpeleke kivulini, mmwagie maji hayo mwili mzima na kumpepea, usimfunike taulo lenye maji maana litazuia joto kutoka. Wengi huogopa kummwagia na kukimbilia kwa daktari kwanza. Dakika hizo za njiani ndizo zinazoua. Mpoze palepale mlipo, mwingine akiwa anampigia daktari wa Voi au Mombasa, ambaye namba yake mliitafuta kabla ya kuondoka.