Mwalimu wa Virginia na Vijiji vya Kavirondo
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwaacha Wamarekani wakihangaika kuitengeneza nchi yao upya. Tuliona jinsi kitabu cha Upton Sinclair kuhusu viwanda vya nyama vya Chicago kilivyoharakisha sheria ya chakula na dawa ya mwaka 1906. Tuliona moto wa kiwanda cha Triangle, New York, uliowaua watu 146 mwaka 1911, wengi wao wasichana wahamiaji, na jinsi vifo vyao vilivyolazimisha sheria za kazi kuandikwa upya. Tukaishia mwaka 1920, wanawake walipopata kura. Msomaji wa Kitale au Bungoma ana haki ya kuuliza mambo hayo yanamhusu nini. Yanamhusu kwa karibu, kwa sababu tawi moja la mageuzi hayo lilivuka bahari likafika kwetu, na alama zake zipo hadi leo.

Wengi hukimbilia kumtaja Rais Theodore Roosevelt. Kweli, mwaka 1909, miezi michache baada ya kutoka madarakani, alifika Uasin Gishu na kuwatazama vijana wa Kinandi wakimuua simba kwa mikuki. Lakini huyohuyo aliyepambana na makampuni yaliyohodhi biashara kwao aliandika kwa furaha kwamba nyanda zetu za juu zinafaa kuwa nchi ya mzungu. Maneno hayo yanatuonyesha mapema mpaka ambao mageuzi ya Kimarekani hayakuwa tayari kuuvuka. Baada ya hapo Roosevelt alikwenda zake Uganda na Sudan. Aliyetufikia hasa ni mwalimu wa kijijini ambaye hakuwahi kusikika Kitale.

Virginia Randolph alizaliwa mwaka 1870, binti wa wazazi waliokuwa watumwa. Alifundisha katika shule ndogo ya watoto weusi, Mountain Road, wilaya ya Henrico katika jimbo la Virginia. Serikali ya jimbo iliwapa watoto hao makombo ya bajeti, basi yeye akaanza na alichokuwa nacho. Alilisafisha jengo na kulipaka chokaa, akafundisha kusoma na kuandika pamoja na kushona, kupika na useremala, akazunguka nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi. Baadhi ya wazazi walimpinga vikali. Walisema watoto wao hawakuletwa shule kufundishwa kazi za mikono, kazi ambazo ukoo mzima ulikuwa umezifanya utumwani bila malipo. Mwaka 1908 alipanda na wanafunzi wake miti 12 kwenye uwanja wa shule, na mwaka huohuo akateuliwa kuzungukia shule zote za weusi wilayani mwake, aonyeshe wengine alivyofanya.

Mshahara wake ulitokana na mfuko wa Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia, Mquaker, ambaye mwaka 1907, muda mfupi kabla ya kufa, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za weusi za mashambani Kusini. Walimu waliofuata nyayo za Randolph wakaitwa walimu wa Jeanes. Walichimbisha vyoo, walipigania maji safi, walichangisha pesa za mbao na misumari. Ukitaka kujua mageuzi ya enzi ile yalikuwaje chini kabisa, mbali na hotuba za Washington, ni hao.

Lakini katiba ya Virginia ya mwaka 1902 ilikuwa imekwisha kuwaondoa weusi karibu wote katika daftari la wapiga kura, kwa kutoza kodi ya kura na kuwatahini watu kwa maswali ambayo karani aliweza kuyatumia atakavyo. Waliofanya hivyo walijiita wanamageuzi. Walidai wanasafisha uchaguzi. Kwa hiyo mwalimu wa Jeanes aliruhusiwa kuboresha kila kitu katika maisha ya mtu mweusi ila nguvu yake ya kumwajibisha anayemtawala. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo tunapovuka kuja huku.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilizuru Kenya kukagua elimu ya Waafrika. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwemo James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyekuwa amefundisha miaka mingi North Carolina. Tume ilipendekeza mfano wa Kusini mwa Marekani uletwe Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa msaada wa fedha za Carnegie. Mwalimu alikwenda pale na mke wake na watoto, wakakaa miaka miwili katika nyumba ya mfano yenye bustani. Mume alisomea namna ya kusimamia shule za vijijini, mke akasomea malezi na usafi, kisha wote wakarudi kwao ili nyumba yao yenyewe iwe somo. Misheni za Kavirondo Kaskazini, jina la kikoloni la nchi ya Kakamega na Bungoma, zilikuwa miongoni mwa zilizopeleka walimu.

Mbegu hiyo haikuangukia jangwani. Waquaker kutoka majimbo ya katikati ya Marekani walikuwa wamefika Kaimosi tangu 1902, na walipoanza waliiita kazi yao misheni ya ufundi. Baadaye wakapanda hadi Lugulu, upande wa Webuye, kati ya Wabukusu. Walikuja na shule, dawa, na vita vya Kimarekani dhidi ya pombe. Vita hivyo kwao vilizaa marufuku ya nchi nzima mwaka 1920. Huku vilimfanya mtu achague kati ya chungu cha busaa na nafasi yake kanisani.

Sasa tuitazame Trans Nzoia, maana bila Trans Nzoia habari hii haina uti wa mgongo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali iligawa mashamba kwa askari wa Kizungu, na kufikia 1926 reli ilikuwa imefika Kitale. Nchi walikochunga Wasabaot, Wabukusu na Wapokot ikawa mashamba ya mahindi yenye majina ya Kiingereza. Aliyetaka malisho kwa ng'ombe wake aliingia kama skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanyie kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka. Shingoni alining'iniza kipande ndani ya kikebe cha chuma: alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara wake. Bila saini ya mwajiri kwenye karatasi hiyo hakuweza kuondoka akatafute kazi kwingine.

Mtu huyo angefaidikaje na somo la nyumba ya mfano? Alikaa pale kwa ridhaa ya mwajiri, na mwajiri alipotaka alimhamisha. Hata aliyebaki kwenye hifadhi iliyotengewa Waafrika, akafundishwa kilimo bora, alikuta zao lenye pesa limefungiwa. Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa hadi miaka ya 1930, na hapo yakaruhusiwa majaribio machache tu, kama yale ya Kisii na Meru.

Wapo wanaosema kwamba mpango mzima wa Jeanes ulikuwa hila ya kumfunga Mwafrika kwenye jembe. Sikubaliani nao kabisa. Mtoto aliyeokolewa na choo cha shimo na maji yaliyochemshwa aliokoka kweli, na mama aliyemlea hakujali wazo hilo limetoka Virginia au Roma. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka leo vijiji vya Sirisia na Cherangany wanafanya kazi ambayo Randolph angeitambua mara moja. Kosa la waliopanga lilikuwa kudhani kwamba mtu akishafundishwa kuboresha ua wake hataulizia ardhi iliyo nje ya ua.

Watu waliuliza, na walikuwa wameanza zamani. Mwaka 1908 wanafunzi wa shule ya misheni ya Maseno waligoma, wakidai masomo zaidi na kazi za mikono kidogo, hoja ileile ya wazazi wa Henrico, ingawa hawakuwahi kusikiana. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, kupinga kipande na kodi iliyokuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Mwaka uliofuata kodi ikashushwa hadi 12. Serikali ilipounda mabaraza ya wenyeji mwaka 1925 ikitarajia yawe mahali pa kupoza hasira, wajumbe wa Kavirondo Kaskazini waliyatumia kudai shule ya serikali ambayo isingemilikiwa na misheni yoyote, na mwaka 1932 shule hiyo ikafunguliwa Kakamega.

Ardhi ndiyo ilikwama. Tume ya Carter ilisikiliza madai ya Waafrika kuhusu ardhi ikatoa ripoti mwaka 1934, na amri ya mwaka 1939 ikathibitisha mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu, Trans Nzoia ikiwa ndani. Kodi iliweza kupungua na shule kuongezeka, lakini shamba la Kitale halikurudi.

Katika kizazi kilichokulia kati ya shule za Friends, yaani Waquaker, na mashamba hayo kulikuwa na kijana wa Maeni, Kimilili, mchezaji hodari wa kandanda na muumini wa Friends, aliyeondolewa kanisani alipooa mke wa pili. Jina lake Elijah Masinde. Sehemu ya tatu itaanza na dini aliyoianzisha, na siku ya tarehe 10 Februari 1948 ambapo polisi walifyatua risasi Malakisi.