Usipoziba Tundu, Utabaki Kibogoyo

Nani asiyejua utamu wa mabuyu na kashata za Ndia Kuu? Basi sukari ile ikibaki menoni, vijidudu huigeuza asidi, nayo asidi hulitoboa jino. Wengi wetu hutia karafuu tu. Maumivu hutulia, lakini tundu lazidi. Mwisho jino hung'olewa, eti kuziba ni ghali.

Lakini si kila tundu lamhitaji daktari. New Zealand ilianza kufunza wauguzi wa meno ya wanafunzi mwaka 1921. Tanzania wapo matabibu wa meno. Nasi Kenya tunao maafisa wa afya ya kinywa, wanaosomea miaka mitatu katika chuo cha KMTC. Hawa husafisha meno na kuziba vitundu vidogo. Kazi ngumu humwachia daktari. Tena iko njia ya kuziba kwa vyombo vya mkono, bila umeme wala mashine, iliyoanzia Tanzania miaka ya 1980. Yaani hata darasani yawezekana!

Basi tuwaombe walimu na wazazi wetu, afisa kama huyo aje shuleni japo mara moja kwa mwaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa meno haujengeki tena.