Mvulana wa Sekunde Tatu

Kaeni vizuri, msipepese macho, maana sinema hii inakwisha kabla hamjameza mate. Mvulana aliyevaa sare ya baharia ametupa mgongo. Anaandika ukutani herufi nne za Kijapani. Anageuka, anavua kofia, anainama kutusalimu. Basi! Sekunde tatu tu.

Herufi hizo zinasomeka katsudo shashin, yaani picha zinazokwenda; ndivyo Wajapani wa zamani walivyoiita sinema. Mkanda wenyewe una picha 50, na kila picha inatofautiana kidogo tu na jirani yake. Hakuna kamera iliyotumika. Rangi nyekundu na nyeusi zilipakwa juu ya mkanda kupitia karatasi iliyokatwa maumbo, kama jina la shule linavyopakwa kwenye madawati. Mikanda ya namna hii ilikuwa ya mashine ndogo za nyumbani, za kuzungusha kwa mkono. Unganisha ncha mbili za mkanda, na mvulana atakusalimu mpaka mkono wako uchoke.

Mkanda wa mvulana ulifichika miaka na miaka, hadi ulipojitokeza mjini Kyoto mwaka 2005, ukamfikia mtaalamu aitwaye Matsumoto Natsuki. Bwana huyu ana bahati ya ajabu. Miaka miwili baadaye, katika soko la vitu vya kale huko Osaka, akapata mkanda mwingine: Namakura Gatana, katuni ya Kouchi Jun'ichi ya mwaka 1917. Humo samurai mmoja mjinga ananunua upanga, anatamani kuujaribu. Anamnyemelea mkandaji kipofu, anachapwa yeye. Upanga wenyewe butu! Nimeitazama mara nyingi, na bado nacheka.

Mwaka huohuo wa 1917 kulikuwa na wachoraji wengine wawili wa katuni, Kitayama Seitaro na Shimokawa Oten. Inasimuliwa kwamba Shimokawa alianza kwa kuchora kwa chaki ubaoni: anachora, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena. Fikirieni kufuta ubao siku nzima ili mtu ainue mguu mmoja! Kazi nyingi za wakati ule hazipo tena. Mikanda ya enzi hizo ilishika moto upesi, na tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi likaupiga mji wa Tokyo, moto ukafuata.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapopapenda. Filamu hizo zilikuwa bubu, lakini ukumbi haukuwa kimya hata kidogo. Kando ya pazia alisimama mtu aliyeitwa benshi, mbele yake meza na taa ndogo. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kila mtu: mama anayelia, mzee anayekohoa, mtoto mtundu. Wanamuziki walimsindikiza. Sinema zilipoingia Japani, mwishoni mwa miaka ya 1890, zilikuwa fupi mno, kwa hiyo alijaza muda kwa kueleza hata mashine yenyewe inavyofanya kazi. Wajapani hawakushangaa kumwona. Katika michezo yao ya vikaragosi, tangu kale, msimulizi hukaa pembeni na kuvisemea. Nanyi msishangae: kama mmewahi kumsikia DJ Afro, msimulizi wa filamu wa Kenya, akiitia filamu Kiswahili chake, hata pale ambapo mwigizaji hakusema kitu, mmeshaonja ladha ya benshi.

Benshi hodari alipendwa kuliko waigizaji. Watu waliuliza kwanza, "Leo anasimulia nani?" ndipo wakanunua tiketi. Mmoja wao alikuwa Kurosawa Heigo, aliyemfundisha mdogo wake filamu zipi zinafaa kutazamwa. Mdogo huyo, Akira, akawa mwongozaji mashuhuri duniani.

Kisha miaka ya 1930 filamu zikaanza kusema zenyewe. Mabenshi wakagoma, wakapiga kelele, lakini mwenye ukumbi hakuona sababu ya kumlipa msemaji wa filamu isiyo bubu tena.

Hawakwisha wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, msichana aitwaye Sawato Midori alimsikia benshi Matsuda Shunsui akiisemea filamu ya zamani, akaomba awe mwanafunzi wake. Tangu hapo amesimulia mamia ya filamu. Ukumbi ukiwa giza, taa yake ndogo inawaka mezani, anavuta pumzi, na mtu aliyekaa kimya tangu enzi za babu zenu anafungua mdomo.