Jinsi Kirusi cha Mdondo Kinavyoingia Mwilini mwa Kuku

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huletwa na kirusi ambacho kuku hukivuta pamoja na hewa au hukimeza katika maji na chakula chenye kinyesi cha kuku mgonjwa. Kirusi hakiwezi kuzaliana mpaka kiingie ndani ya seli. Protini yake moja hujishikiza kwenye sukari zilizo juu ya seli. Protini ya pili huunganisha utando wa kirusi na ule wa seli, na njia ikafunguka.

Ukali wa ugonjwa hutegemea sana protini hiyo ya pili, kwani haifanyi kazi mpaka ikatwe na kimeng'enya cha kuku mwenyewe. Ile ya virusi vipole hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo, navyo huishia huko. Ile ya virusi vikali hukatwa karibu katika kila kiungo. Ndiyo maana kuku huharisha kijani, hupinda shingo, na banda zima laweza kuteketea kwa siku chache.

Mnunuzi na atahadhari: antibayotiki, hata ikiuzwa kwa jina la dawa ya mdondo, haiui kirusi. Kinachofaa ni chanjo itolewayo mapema kwa kuku wazima. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingi, hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kingamwili zinazotokana nayo hukishika kirusi kabla hakijajishikiza kwenye seli.